Ngao za akriliki zinapata nyufa wiki chache baada ya kukabidhiwa: chanzo ni nini, na hasara ni ya nani?

#1 Mchonga_Ziwani
Habari zenu wakuu. Nina duka la ngao, vikombe na mihuri hapa Mwanza, na kazi zangu nyingi nazifanya kwa leza ya CO2 ya wati 80, mashine inayokata na kuchonga kwa mwale. Hivi karibuni nilikabidhi ngao 40 za akriliki angavu (plastiki ngumu kama kioo), unene wa milimita 8, kwa shule moja iliyokuwa na mahafali. Zilitoka dukani zikiwa safi kabisa, na mwenye shule mwenyewe alizisifia. Baada ya wiki chache nimetumiwa picha: baadhi zina nyufa ndogondogo, nyembamba mithili ya utando wa buibui, nyingine zikianzia kwenye kingo, nyingine zikizunguka herufi, na chache zikiwa pale ngao inaposhikana na kitako. Si zote, ni kama theluthi yake. Mabamba nilinunua Kariakoo, mawili, kwa muuzaji mmoja. Naomba wenye uzoefu wanisaidie mambo mawili: chanzo cha nyufa hizi ni nini, na je, nina wajibu wa kuzitengeneza upya bila malipo?

#2 Mama_Vikombe
Kabla ya yote, kaka, utuambie mlizifuta vumbi na moshi kwa kitu gani. Ikiwa ni spiriti, basi umeshapata jibu. Leza inapokata akriliki inaiyeyusha na kuigeuza mvuke kwenye mstari mwembamba sana, na ukingo ule unapoa na kusinyaa haraka wakati sehemu ya ndani haikupata moto wowote. Matokeo yake ukingo unabaki na mkazo uliofungiwa ndani, hauonekani kwa macho na hauna madhara mpaka ukutane na kimiminika kinachoweza kuupenyeza. Spiriti inaupenyeza. Wakati mwingine nyufa huonekana papo hapo, wakati mwingine huchelewa, hasa kama kitambaa kilikuwa na unyevu kidogo tu. Wengi mtakumbuka vile vizuizi vya akriliki vilivyowekwa kwenye kaunta wakati wa UVIKO-19, ambavyo vilianza kuchakaa kwenye kingo na kwenye matundu ya skrubu kwa sababu vilikuwa vinapanguswa kwa vitakasa mikono vyenye alkoholi. Dukani kwangu spiriti inatumika kwenye kioo na chuma peke yake. Akriliki inafutwa kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, na kitambaa laini kisichoacha nyuzi.

#3 Leza_Mia
Nampa heshima Mama_Vikombe, lakini nimefuta akriliki kwa spiriti kwa muda mrefu na nyingi hazikupata ufa. Mimi naanza na bamba lenyewe. Kuna bamba lililomiminwa kwenye ukungu wa vioo likagandia humo, na kuna lililosukumwa kwa mashine likatoka kama tambi. Lililosukumwa ni rahisi, unene wake unalingana vizuri, lakini linazaliwa na mkazo ndani yake na linapasuka upesi zaidi likikutana na kemikali. Kulitambua si kazi: lichonge herufi moja. Lililomiminwa litatoa maandishi meupe kama barafu, lililosukumwa litatoa maandishi yasiyoonekana vizuri, na ukilikata utaona ukingo una ute unaonata. Muuzaji anaweza kukuapia kwamba ni lile zuri, kwa hiyo nenda dukani kwake na uombe kipande cha majaribio kabla ya kulipa.

#4 Mchonga_Ziwani
Ahsanteni. Mama_Vikombe, ni kweli kijana anayefunga kazi alianza kwa spiriti, lakini iliisha katikati na zilizobaki alizifuta kwa maji na sabuni. Kwa bahati mbaya hakuna aliyeweka alama ya kutofautisha zipi ni zipi. Leza_Mia, maandishi yalitoka meupe kwenye mabamba yote mawili, tena meupe vizuri.

#5 Leza_Mia
Weupe unathibitisha kwamba limemiminwa, haumaanishi kwamba limemiminwa vizuri. Siku hizi yapo mabamba yaliyomiminwa kwa malighafi iliyorejelezwa, na ubora wake hutofautiana kati ya shehena na shehena. Theluthi iliyopasuka inaweza kuwa yote imetoka kwenye bamba moja.

#6 Mama_Vikombe
Hapo umehamia kichaka kingine, ndugu yangu. Kwanza ilikuwa aina ya bamba, sasa ni shehena.

#7 Nakshi_Mombasa
Salaam kutoka Mombasa. Nashangaa hakuna aliyeuliza habari za gundi. Mchonga_Ziwani amesema baadhi ya nyufa ziko pale ngao inaposhikana na kitako, na mafundi wengi wa pwani na bara wanaunganisha akriliki kwa klorofomu, kwa sababu inashika kwa sekunde chache na haiachi alama. Klorofomu haifanyi kazi kama gundi ya mbao. Inayeyusha nyuso mbili ili ziwe kitu kimoja. Ukiidondoshea ukingo uliokatwa kwa leza, ambao tayari una ule mkazo alioueleza Mama_Vikombe, unaupasua kwa namna ileile. Na jambo ambalo watu hawalitazami ni mvuke wake: kama ngao zilifungwa kwenye maboksi na nailoni siku hiyohiyo zilipogundishwa, mvuke ulibaki humo ndani ukizunguka, na hiyo inaweza kueleza hata nyufa za kwenye herufi, mbali na kitako.

Nishauri pia, nje kidogo ya swali, kwamba klorofomu isitumiwe kwenye chumba kilichofungwa. Nimeingia maduka ambayo fundi anagundisha na mtoto amelala nyuma ya kaunta. Bora kutumia skrubu za kushikilia kitako, au mfereji uliokatwa kwa kipimo ili ngao iingie kwa kubana kidogo bila gundi yoyote.

#8 Leza_Mia
Skrubu nazo zina neno. Ukiikaza sana kwenye tundu lililokatwa kwa leza, ufa unaanzia hapohapo. Tundu liwe pana kuliko skrubu, na pawekwe kishikizo cha mpira.

#9 Mwalimu_wa_Michezo
Naomba niseme kwa upande wa wanunuzi, maana naona mafundi mnazungumza wenyewe. Mimi ndiye ninayeagiza ngao na vikombe vya shule yetu kwa mashindano ya UMISETA, yale ya michezo ya shule za sekondari, na kwa mahafali. Ngao zikifika, zinakaa kwenye kabati la kioo ofisini, na anayefanya usafi anazifuta kwa dawa ileile ya kufutia madirisha. Sijawahi kupewa na duka lolote karatasi inayosema zisafishwe kwa nini. Kwa hiyo huenda Mchonga_Ziwani alizikabidhi zikiwa nzima na shule ndiyo iliyoziharibu, lakini hata hivyo sioni mteja atalaumiwa vipi kwa jambo ambalo hakuelezwa.

#10 Mama_Vikombe
Mwalimu umesema kweli. Dawa za madirisha nyingi zina alkoholi au amonia, na zote mbili hazifai kwa akriliki.

#11 Pima_Mara_Mbili
Nimewasoma wote, na naona kila mmoja anataja kile kinachomalizia ufa huku tukiruka kile kinachouanzisha. Mkazo ndio chanzo. Spiriti, klorofomu na dawa ya madirisha vinakuja tu kuukuta. Kwa hiyo nitauliza kuhusu mipangilio ya mashine. Bamba la milimita 8 kwa wati 80 linahitaji mwendo wa polepole, na fundi mwenye haraka hupandisha nguvu mpaka mwisho, jambo ambalo linachosha bomba la leza (lile linalotoa mwale) na kuongeza moto kwenye ukingo. Lenzi ikiwa na ukungu wa moshi, mwale unatawanyika na eneo linalopata joto linapanuka. Pampu ya hewa nayo ina kipimo chake: kwa akriliki hewa iwe ya wastani tu, ya kuzuia moto usiwake, kwa sababu ukiipuliza kwa nguvu unaupoza ukingo ghafla na unapoteza hata ule mng'ao.

Dawa ya kudumu ni kuipumzisha akriliki kwenye joto. Ngao zilizokatwa na kuchongwa zinawekwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 80 hivi kwa saa kadhaa, kutegemea unene, kisha tanuri linazimwa na zinaachwa zipoe humohumo polepole bila kufungua mlango. Mkazo unalegea. Baada ya hapo hata gundi inaweza kutumika kwa hofu ndogo zaidi. Viwanda vinavyotengeneza vifaa vya akriliki vinafanya hivyo kila siku. Ni sisi wa maduka tunaoona ni kupoteza umeme.

#12 Kijana_wa_Dodoma
Mimi ndiyo naanza biashara hii. Je, jiko la oveni la nyumbani linafaa? Nyuzi 120 si zitaharakisha kazi?

#13 Pima_Mara_Mbili
Kijana, akriliki inaanza kulainika kwenye nyuzi 105 hivi. Kwa nyuzi 120 utafungua mlango ukute ngao zimelala kifudifudi. Oveni ya nyumbani inawezekana iwapo utaweka kipimajoto cha pembeni ndani yake, kwa sababu kitufe cha oveni hakisemi ukweli, na iwapo mwenye jiko amekubali. Usipike chakula humo siku hiyohiyo.

#14 Mama_Vikombe
Oveni ya nani itabeba ngao 40? Pima_Mara_Mbili anazungumza kama mtu mwenye kiwanda. Mwenye duka la mlango mmoja ataoka ngao sita kwa mara moja, na mahafali yatapita akiwa bado anaoka. Kutofuta kwa spiriti hakugharimu hata senti.

#15 Hesabu_Kwanza
Naomba nijibu nusu ya pili ya swali, maana imesahaulika. Duka la ngao linaishi kwa kurudiwa na wateja wale wale: shule kila mahafali, waajiri kila Mei Mosi wanapomtunza mfanyakazi bora, timu kila mashindano. Mteja wa namna hii usibishane naye juu ya kemia. Mtengenezee zile zilizopasuka, lakini kwa utaratibu: akurudishie za zamani, uzihesabu, na mkubaliane kwa maandishi kwamba mpya zitasafishwa kwa maji na sabuni. Akirudisha 13 unatengeneza 13, hutengenezi 40.

Gharama hii ilipaswa kuwa ndani ya bei tangu mwanzo. Wenzetu wengi wanatoza kwa kuangalia jirani anatoza kiasi gani, au wanahesabu herufi kana kwamba bado wanachonga kwa mkono. Leza haijali idadi ya herufi. Inajali eneo ambalo kichwa kinatembea na muda kinaotumia. Nembo kubwa iliyojaa weusi inaweza kuchukua muda mrefu kuliko aya nzima ya maandishi, na ukitoza kwa herufi umeichonga bure. Pata gharama ya dakika moja ya mashine, ukijumlisha umeme, kodi ya pango, mshahara na akiba ya bomba jipya la leza, kwa sababu bomba la kioo litakufa tu siku moja, kisha zidisha kwa dakika za kazi. Halafu ongeza bamba, kitako, boksi na sehemu ya kuharibika.

Kwenye bamba pia kuna fedha inayopotea kimya. Bamba la kawaida lina sentimita 122 kwa 244. Ngao ya sentimita 15 kwa 20 zinatoka 96. Mteja akikwambia aongezewe sentimita moja tu kila upande, yaani 16 kwa 21, zinatoka 77 kwenye bamba lilelile. Ngao 19 zimepotea kwa sentimita moja, na wengi wetu tunamwambia "hakuna shida, bei ni ileile".

#16 Nakshi_Mombasa
Hesabu_Kwanza, hesabu yako ni sahihi kwa mwenye mashine kubwa. Kwa kitanda cha mashine, yaani pale bamba linapolazwa, cha sentimita 90 kwa 130 unalikata bamba vipande vitatu vya sentimita 81 na kidogo kwa 122, kila kimoja kinatoa ngao 32, na 96 zako zinapatikana. Lakini mashine nyingi za maduka madogo zina kitanda cha 60 kwa 90, na bamba lenye upana wa 122 ukiligawa katikati unapata 61, ambayo haiingii. Unaanza kupunguza, na ngao za upana wa 15 hazikai nne kwenye 60 ukishaacha nafasi ya mwale kupita. Mwenye mashine hiyo heri abuni ngao ya 14 na nusu kwa 19 na nusu kuliko kulazimisha namba kamili.

#17 Hesabu_Kwanza
Nimekubali masahihisho. Kanuni inabaki: vipimo vya ngao vitokane na bamba na kitanda.

#18 Mwalimu_wa_Michezo
Mkiwa kwenye habari za hasara, majina yakikosewa hasara ni ya nani? Mwaka mmoja tulipokea medali zenye jina la mwanafunzi lililokosewa, duka likasema ndivyo tulivyoandika.

#19 Mama_Vikombe
Ni ya aliyesaini, mwalimu. Mimi sichongi jina lililosomwa kwenye simu. Orodha inakuja kwa maandishi ya kompyuta, nainakili bila kuiandika upya kwa mkono, natuma picha ya mpangilio kwa WhatsApp, na mteja anajibu "nimehakiki, chonga". Bila jibu hilo mashine haiwashwi, hata kama mgeni rasmi yuko njiani. Na malipo ya awali yasipungue nusu, kwa sababu kombe tupu linaweza kuuzwa kwa mwingine lakini ngao yenye jina la mtu haina mnunuzi wa pili.

#20 Hesabu_Kwanza
Kwa taasisi za serikali nusu hiyo huipati. Wanatoa hati ya ununuzi, na malipo yanakuja baadaye. Kazi za Mei Mosi zinatolewa Aprili, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, kwa hiyo ankara na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) zipelekwe mapema. Zikichelewa, deni linavuka mwaka na utaanza kufuatilia upya. Mwenye mtaji mdogo asichukue hati tatu za namna hiyo kwa mwezi mmoja.

#21 Kijana_wa_Dodoma
Ninauziwa plastiki ya bei nafuu kuliko akriliki, nyepesi, nyeupe, ya mabango. Je, naweza kuikata kwa leza kwa ngao za bei ya chini?

#22 Pima_Mara_Mbili
Hapana. Nyingi za hizo ni PVC, plastiki yenye klorini, na PVC ikipata mwale wa leza inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Itakula mapafu yako kwanza, kisha reli, lenzi na feni ya mashine. Ukiwa na shaka, pasha waya wa shaba kwenye moto mpaka uwe mwekundu, uuguse kwenye kipande cha plastiki, kisha uurudishe motoni ukiwa mahali penye hewa. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini ndani yake, usiiingize kwenye mashine. Kwa ngao za bei ya chini tumia mbao nyepesi au ile plastiki ya tabaka mbili iliyotengenezwa mahususi kwa kuchongwa, na uombe ile ya leza.

#23 Mchonga_Ziwani
Nimerudi. Nilichukua masalia ya mabamba yote mawili nikakata vipande vidogo kwa mipangilio ileile. Vilivyofutwa kwa spiriti vilipata nyufa kwenye kingo, kutoka bamba la kwanza na la pili. Vilivyofutwa kwa maji na sabuni viko salama. Nilivyogundisha kwa klorofomu vimepasuka pale tu gundi ilipochuruzika. Mpaka hapo Mama_Vikombe na Nakshi_Mombasa wana haki. Lakini lipo jambo linalonitatiza: dukani kuna ngao ya maonyesho, ilichongwa kutoka bamba la pili, haina gundi na mimi mwenyewe ndiye ninayeifuta, kwa kitambaa kikavu. Nayo ina ufa mmoja chini ya herufi kubwa.

#24 Leza_Mia
Bamba la pili! Si nilisema?

#25 Pima_Mara_Mbili
Ufa mmoja chini ya herufi kubwa ni moto wa uchongaji. Herufi kubwa zimechongwa kwa kina kirefu, mkazo umejaa. Punguza nguvu, chonga kwa kina kidogo, weupe hautapungua.

#26 Mama_Vikombe
Kaka, ngao hiyo inakaa wapi? Ikiwa iko kwenye kaunta ambayo kijana wako anaifuta kwa spiriti kila asubuhi, tusiulaumu moto.

#27 Mchonga_Ziwani
Iko kwenye kaunta, na kaunta ni ya kioo. Nitamuuliza kijana.

#28 Nakshi_Mombasa
Wakati unamuuliza, kwa ngao mpya za shule jaribu kuchonga kwa nyuma, maandishi yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia. Uso wa mbele unabaki laini, na anayefanya usafi anafuta pasipochongwa, hata akitumia dawa gani athari ni ndogo. Ukitaka kujaza rangi kwenye maandishi tumia rangi ya maji, kwa kuwa rangi ya mafuta iliyochanganywa na thina itakurudisha kwenye nyufa zilezile.

#29 Leza_Mia
Kingo bado zitabaki wazi, Nakshi. Dawa ikifika ukingoni hata kuchonga kwa nyuma hakusaidii.

#30 Nakshi_Mombasa
Ukingo wa ngao ya milimita 8 hauna vumbi la kumfanya mtu aufute, isipokuwa awe na bidii isiyo ya kawaida.

#31 Mchonga_Ziwani
Nimekubaliana na shule: wanarudisha zilizopasuka, natengeneza idadi hiyohiyo, nachonga kwa nyuma, na kitako kinashikwa kwa mfereji. Bamba nitanunua kwa muuzaji mwingine na kila ngao itaandikwa namba ya bamba chini ya kitako kwa penseli. Pima_Mara_Mbili, saa ngapi hasa kwenye nyuzi 80 kwa unene wa milimita 8? Nitaweka nne kwenye oveni na nyingine niziache bila kuoka.

#32 Pima_Mara_Mbili
Anza na saa nne, na kupoa kuchukue muda usiopungua huo. Toa kwanza karatasi zote za kinga pande mbili, la sivyo gundi yake itashika na hutaibandua. Ziweke zimelala juu ya kitambaa, zisiegemee ukuta wa oveni.

#33 Mama_Vikombe
Na zote, zilizookwa na zisizookwa, zifutwe kwa maji na sabuni.